Abla na Kosa la Wiki

Ilianza Jumanne, saa nne na dakika hamsini asubuhi, siku chache kabla ya Idi Kubwa, kwenye mabomba ya maji baridi nyuma ya madarasa ya sayansi. Nuru, mtoto wa ammi yangu, aliniomba neno langu la siri la kompyuta ya skuli, na mimi nikampa. Nakumbuka mpaka dakika kwa sababu nilikuwa naikodolea macho saa yangu ya mkononi ili nisimtazame yeye. Nilimnong'oneza herufi moja moja, na tarakimu mbili za mwisho, halafu nikainama nikanywa maji na kiu sikuwa nayo.

Nilikatazwa jambo hilo miaka miwili mfululizo. Siwezi kueleza nilichokifanya siku ile bila ya kumwandika kwanza yule aliyenikataza, kwa hivyo kurasa hizi zinamhusu yeye.

Kwetu ukimtaja mtu, hujafika mwisho wa jina bibi yangu ameshauliza, "Wa akina nani huyo?" Na hapo huanza safari: mtaa gani Unguja, babu yake nani, nani aliwaoza, walirudi Omani mwaka gani na walishukia kwa nani. Mimi sitaandika hayo. Namwita Abla, kama tunavyowaita walimu wetu wote wa kike hapa Maskati, ila mimi nilianza kumwita hivyo kabla hajanisomesha hata herufi moja. Anakaa juu yetu, ghorofa ya tatu, mtaa wa Wattaya, na sakafu yake ndiyo dari ya chumba changu. Najua akivaa viatu na najua akivivua. Najua akikaa kusahihisha, kwa sababu kiti chake kina mguu mmoja mfupi, hugonga kila anapogeuza karatasi. Wiki hizi tano kiti kimegonga kila alasiri mpaka Magharibi, na kila kikigonga mimi huku chini nahesabu, kama mtu anayehesabu fimbo.

Jambo la kwanza analoliona mtu kwa Abla ni mlango wake. Kazi yake ni kutusomesha usalama wa kompyuta: maneno ya siri, virusi, barua za uongo, namna wezi wanavyoingia mahali wasipoitwa. Lakini mlango wa nyumba yake mwenyewe haufungi. Alkhamisi na Ijumaa, siku za mapumziko, unakuwa wazi kutwa, pazia la maua linapepea, na ufunguo unaning'inia kwenye kitasa kwa nje. Baba yangu anauza magari katika duka moja hapo barabarani chini, na anawaogopa wezi kuliko anavyoogopa homa. Siku moja alikutana naye ngazini.

"Mwalimu, utaibiwa."

"Wataiba nini, Bwana? Sufuria?"

"Si una kompyuta mle ndani?"

"Ah, hiyo nimeifunga," akasema Abla, akapanda zake na mifuko ya mboga.

Baba alilisimulia hilo kwa mwezi mzima. Hakujua kama amefanyiwa mzaha au amesomeshwa. Mimi pia sijui mpaka leo.

Jambo la pili ni kugeuka. Nilikuwa na miaka tisa, simu yetu imeharibika, Mama akanituma juu nimpigie Baba kazini. Nikabisha hodi, nikaingia, nikanyanyua mkono wa simu. Nilipoanza kubonyeza, Abla aliacha alichokuwa akikifanya, akageuza uso ukutani.

Nikamwambia, "Abla, si siri. Namba ya Baba tu."

"Mimi sijui kama siri ama si siri. Mimi nageuka tu."

Mpaka leo yuko vile vile. Katika maabara ya skuli, wasichana thelathini wakiambiwa waandike maneno yao ya siri, yeye huenda akasimama mbele ya ukuta wenye ramani ya Omani, anatupa mgongo, mikono nyuma. Wengine hucheka. Aliwahi kutuambia kwamba kugeuka ni adabu kama ile ya hodi. Unabisha mara tatu, usipojibiwa unakwenda zako, husukumi mlango wa mtu. "Kompyuta," alisema, "haina haya na haina adabu. Ukiisukuma inafunguka. Ndiyo maana adabu lazima tuwe nayo sisi."

Nilipenda maneno yale nikayaandika. Lakini kuna upande wa pili ambao hakuusema siku hiyo, nao ndio ugonjwa wangu. Mimi nina haya nyingi mno. Mtu akinibishia hodi siwezi kunyamaza, na akiniomba kitu siwezi kusema hapana. Nyumbani tumelelewa hivyo. Jirani akiomba ndimu hupewa, hata kama ndiyo ya mwisho, na uso usionyeshe. Nuru aliomba kama anavyoomba ndimu.

Abla ana maneno yake ambayo sisi wanafunzi wake tunayaigiza nyuma yake, tukikaza shingo kama yeye. "Barua ikikwambia fanya haraka, wewe nenda kapike chai." Hilo ni maarufu. Lingine: "Usinambie hujui. Nambie umefika wapi." Na lile analolirudia kila mwanzo wa muhula, akigonga meza kwa kidole kimoja: "Ukikosea, nambie saa ile ile. Hata kama nna chakula mdomoni. Nitatema."

Tulicheka sana tulipolisikia mara ya kwanza. Sasa nikilikumbuka naona baridi.

Watu wanamdhania hana khofu. Wanawake wa jengo letu husema, "Yule kakaa Amerika peke yake, ataogopa nini?" Anaogopa lifti. Anaogopa njiwa. Akiendesha gari kwenda mji wa Sib kwa dada yake hazidishi kilomita sitini kwa saa, na msururu wa watu nyuma yake wanapiga honi mpaka uwanja wa ndege. Ule mwaka tulipoingia elfu mbili na watu wanasema kompyuta zote zitachanganyikiwa, yeye alizunguka fleti moja hadi nyingine kuwatuliza. "Hakutatokea kitu, msiwatie watoto wasiwasi." Halafu Mama akapanda kwake kuazima mwiko, akakuta chooni ndoo nane za maji zimejaa pomoni.

"Na hizi?" Mama akauliza.

"Za kufulia."

"Unafua mabati?"

Maabara alitukataza kula karibu na kibodi, akanipigia kelele mimi, mimi nisiyesema kitu, kwa sababu ya punje moja ya ufuta. Siku ya pili nikamuona kwa dirisha anakula sambusa juu ya kibodi yake, anapukuta kwa ukingo wa buibui. Nilifurahi nikashindwa kujizuia. Nadhani nilianza kumpenda hapo, kwa ile sambusa.

Sasa nije kwenye duara, maana bila ya duara mtu hataelewa nilichokiharibu.

Abla alisoma Amerika katika chuo kimoja cha vile vilivyojengwa zamani kwa ajili ya Waamerika Weusi, wakati vyuo vingine vilikuwa vinawafungia mlango. Alipomaliza akabaki miaka miwili kusaidia kusomesha. Anasema hakuwahi kuona walimu wakifanya kazi kama wale. Mmoja alikuwa anasomesha masomo matano tofauti. Mwengine alipewa kitabu cha usalama wa kompyuta Ijumaa ili asomeshe Jumatatu, na yeye ni mtu wa hesabu. Kila chuo kilikuwa na mwalimu mmoja wa somo hilo, au nusu ya mwalimu, na hapana wa kumuuliza. Vyuo vikubwa vina walimu kumi wanaokutana kwa kahawa. Hawa walikuwa na kahawa tu.

Basi wakafanya duara, waulizane wao kwa wao. Kila wiki mmoja wao huandika kwa barua pepe kosa alilolifanya darasani au maabara, na wengine humjibu. Masharti ni mawili. Barua lazima ianze na neno "mimi". Na wanaojibu hawaruhusiwi kulaumu. Wanajibu kwa somo: hili ndilo zoezi la kuwapa wanafunzi ili nao wasifanye, chukua, litumie. Wakaliita kosa la wiki. Abla aliporudi Maskati aliwaomba asitolewe. Aliwaandikia, "Mimi huku pia niko peke yangu."

Barua zote anazichapisha na kuzitia katika jalada la kijani. Zipo zinazochekesha. Mwalimu mmoja alichoka kuulizwa neno la siri la maabara, akaliandika ubaoni kwa herufi kubwa. Wiki ile ile darasa lake likapigwa picha, picha ikatoka katika gazeti la chuo, yeye anatabasamu na ubao unasomeka nyuma yake vizuri kabisa. Abla alipotusimulia alicheka mpaka akavua miwani kujifuta. Halafu akasema, "Na kalileta mwenyewe. Angenyamaza nani angejua? Lakini kalileta, na sasa vyuo sita vina zoezi la kuangalia picha." Hapo hakuwa anacheka tena.

Sisi wasichana watano wa darasa la kumi tukaingizwa mwaka jana. Walimu wale walikuwa wanaandika masomo mapya na hawakuwa na mtu wa kuyajaribu kabla ya kuyapeleka darasani. Abla akawaambia leteni kwangu, asichokifahamu msichana wangu wa Maskati, na mwanafunzi wenu wa mwaka wa kwanza hatakifahamu. Nao wakawa wanatuletea na sisi masomo ambayo hapa hayapo. Kazi ya kuandika majibu akanipa mimi. Wenzangu walishangaa, kwa sababu mimi darasani hata nikiitwa mahudhurio sauti haitoki. Abla akasema, "Huyu hasemi, lakini anaandika."

Kwa hivyo nikapewa anwani ya barua pepe yenye majina yote ya duara ndani yake, na neno la siri langu peke yangu.

Niliyemwandikia zaidi ni yule wa hesabu, tuliyemwita Mwalimu wa Hesabu. Masomo yake yalikuwa marefu na kila baada ya mistari miwili aliandika "ni wazi kwamba". Kwa Kiingereza changu cha kuokoteza nikamwandikia: Bwana, pale unaposema ni wazi, kwetu si wazi. Niliogopa siku tatu. Jibu lilipokuja alisema ameyafuta yote, yalikuwa kumi na tisa, na kwamba kila alipokuwa anayaandika, yeye mwenyewe alikuwa hana hakika. Abla alilisoma jibu lile nyuma ya bega langu. "Umemsaidia mtu," akasema, akaenda zake. Niliweka maneno yale mawili kama mtu anavyoweka dhahabu yake.

Na huyo ndiye niliyemuumiza.

Nuru alitaka tu kufungua kadi ya Idi. Rafiki yake wa Sib alimpelekea kwa barua pepe, ina mwezi mwandamo na maua yanayofunguka, na kompyuta ya kwao iliikataa. Maabara ya skuli ilikuwa na laini ya nje, lakini ni sisi watano tu tuliokuwa na ruhusa ya kuitumia. Akaingia kwa neno langu wakati wa mapumziko, akajiletea kadi yake, akaifungua, maua yakafunguka. Akaipenda. Halafu akaona pembeni yale majina ya walimu wa Amerika.

Nilimuuliza baadaye, "Kwa nini uliwapelekea, Nuru?"

"Ningewaacha vipi? Watu wanakuandikieni kila wiki, Idi inakuja mnawanyamazia? Si watasema hatuna adabu."

Nami nilimuelewa, hilo ndilo linalotisha. Kwetu kumruka mtu katika mkono wa Idi ni kumtukana. Mimi mwenyewe ningekuwa mahali pake labda ningewapelekea. Akabonyeza jina la kwanza mpaka la mwisho. Na wale walimu, ambao kazi yao ni kuwaambia watu msifungue msichokijua, watatu kati yao wakafungua, kwa sababu imetoka kwa wale wasichana wa Maskati na wao pia wana adabu.

Kadi ilikuwa na kirusi. Kwa wawili wa kwanza kilizuiliwa. Kwa Mwalimu wa Hesabu kilikula mtihani wa katikati ya muhula na masomo yote tuliyokuwa tumeyasafisha pamoja, kikaingia na katika kompyuta za maabara yake. Mkuu wake akasema kama somo lenyewe la usalama ndilo linaloleta ugonjwa, bora lifutwe, na ataamua mwisho wa muhula. Hayo niliyasoma katika barua iliyoandikwa kwa upole sana, ikianza na neno "mimi": mimi nilifungua kadi bila ya kuuliza.

Abla aliniita siku ya kwanza tuliporudi skuli baada ya Idi. Maabara ilikuwa tupu, kompyuta zote zimezimwa.

"Imetoka kwako. Umetuma wewe?"

"Sikutuma mimi, Abla."

"Kuna mtu analijua neno lako la siri?"

Nikatikisa kichwa. Sikusema hapana kwa mdomo, kichwa ndicho kilichosema, na nimejaribu sana kujidanganya kwamba kuna tofauti.

Akanitazama kidogo tu, akaniamini. "Basi kuna tundu," akasema. "Kuna mtu kaingia kutoka nje na mimi sioni alipoingilia."

Siku zote nilidhani uongo ukishasemwa unakaa pale pale ulipouweka. Huu ulikwenda kazini. Abla akaanza kutafuta tundu. Akazifungua kompyuta kumi na sita, moja baada ya moja, akazifuta na kuzipanga upya. Akakaa baada ya masomo mpaka mlinzi anapiga funguo mlangoni. Mudira, mkuu wetu wa skuli, akakata laini ya nje ya maabara, ikabaki moja tu ya kompyuta ya Abla, mpaka tundu lipatikane. Abla akawaandikia duara kwamba huenda na kwao lipo, kwa sababu wanatumia mpangilio mmoja. Basi na wao wakaanza kutafuta. Walimu wa masomo matano, walimu wenye kahawa tu, wanatafuta kitu ambacho hakipo, kwa sababu ya kichwa changu.

Wiki ya pili nikamwambia Nuru nitasema.

"Usiseme. Baba atanitoa darasa la kompyuta. Keshasema mtandao unaharibu watoto, anangojea sababu tu."

"Nitasema nilimpa mtu. Sitakutaja."

"Wewe? Una uso kama kioo. Ukiulizwa nani, utanitazama."

Ni kweli, ningemtazama. Lakini niwe mkweli humu, maana humu hanisomi mtu: sikunyamaza kwa ajili ya Nuru. Nilinyamaza kwa sababu akilini nilimuona Abla akigeuza uso wake mbele yangu, na safari hiyo si kwa adabu.

Nikafanya ujinga. Nilikuwa namsaidia kutafuta. Nilikaa pembeni yake na daftari, naandika kompyuta namba nne safi, namba tano safi. Alinishukuru. Siku moja alininunulia juisi ya embe kwa sababu eti nimekonda. Nilikwenda chooni nikaitapika.

Jana Ijumaa, baada ya Alasiri, Mama akanipa sahani ya visheti nimpelekee. Kiti kule juu hakikuwa kinagonga. Nilipanda nikaona jambo ambalo sijaliona tangu nimezaliwa: mlango umefungwa. Nikapiga hodi mara tatu. Nilikuwa nimeshageuka kuondoka, na nilifurahi, nakiri, akafungua.

Alikuwa amevaa kanga, nywele hazikuchanwa, na jalada la kijani liko wazi juu ya meza. Alichukua visheti akavimimina katika bakuli, akanirudishia sahani. Ilikuwa tupu. Miaka yote sahani yetu haijawahi kushuka kutoka kwake bila ya kitu, hata tende tatu, hata ndimu. Niliishika nikaitazama kama iliyovunjika.

"Abla, unaumwa?"

"Siumwi. Nimechoka. Kaa."

Nikakaa kwenye ncha ya kiti.

"Kesho nnawaandikia duara tusimame," akasema. "Tusipelekeane masomo tena. Yule wa hesabu mkuu wake anataka jibu wiki hii, aelezwe kirusi kiliingilia wapi, na mimi sina. Siwezi kuwaambia watu endeleeni kula katika sahani moja na mimi na sahani ina ufa nisiouona."

"Labda hakuna ufa."

"Upo. Kitu hakiingii pasipo na tundu." Alivua miwani, macho yake yalikuwa madogo. "Unajua kinachonitisha? Si kirusi. Hicho nilikikuta nikakifuta. Kinachonitisha ni kwamba kila kitu kingine ni safi. Nimekagua mara tatu, safi. Basi ama mimi sijui kazi yangu, na miaka yote nimekuwa nawasomesha watu nisichokijua, ama..."

Nje honi zilikuwa zinapiga barabarani, mtu anatoa gari jipya dukani kwa akina Baba.

"Abla," nikasema. Sauti ilitoka kama ya mtoto. "Mtu akikosea, akanyamaza wiki tano. Bado linakuwa kosa la wiki?"

Mkono wake ulikuwa juu ya jalada, ukabaki hapo hapo. Alinitazama, nami nikaitazama sahani. Nilingoja aulize nani. Nilingoja aulize nini. Kama angeuliza ningetikisa kichwa tena, najijua.

Hakuuliza. Alivaa miwani yake polepole.

"Linakuwa la wiki tano," akasema. "Linazidi uzito, basi. Lakini linaandikwa vile vile." Akasimama, akaenda jikoni, nikasikia mlango wa friji. Akarudi na ndimu mbili, akaziweka kwenye sahani yangu, moja halafu ya pili. "Mwambie mama ahsante. Na huyo mtu, mwambie kesho nnafungua maabara saa moja kasorobo. Kabla ya kengele. Nitakuwa peke yangu."

Nilishuka. Kiti hakikugonga jioni nzima.

Leo Jumamosi asubuhi nilimwambia Baba nina zamu ya kufuta ubao, akanishusha skuli saa moja kasoro dakika ishirini. Taa ya maabara ilikuwa inawaka. Nilisimama nje nikasoma tangazo la chanjo mara mbili. Halafu nikabisha.

"Karibu."

Alikuwa amevuta kiti cha kompyuta yake, ile moja iliyobaki na laini. Hakunambia kaa, alinionyesha tu. Modemu ilikuwa inalia kama inavyolia, na majina ya duara yote yalikuwa kwenye kioo, yananingoja.

"Neno lako la zamani nimelifuta," akasema. "Weka jipya."

Akaenda mbele ya ramani, akanipa mgongo, mikono nyuma.

Nililiandika. Herufi tisa na tarakimu mbili, hajui mtu. Halafu nikaandika barua, kwa Kiingereza. Niliandika kwamba hakuna tundu. Kwamba nilitoa neno la siri kwa sababu niliombwa na sikuweza kukataa, na aliyelitumia aliwapelekea kadi kwa sababu alitaka kuwapa mkono wa Idi, na wao wakaifungua kwa sababu hiyo hiyo. Kwamba niliulizwa nikatikisa kichwa. Kwamba Abla ametafuta wiki tano na kazi yake anaijua, kila alipokagua palikuwa safi kweli. Nikamuomba Mwalimu wa Hesabu amwambie mkuu wake kwamba somo halikuleta ugonjwa, na kwamba kama wanataka zoezi, wawasomeshe watu namna ya kusema hapana kwa mtu wanayempenda, kwa sababu mimi sikusomeshwa hilo popote.

Nje wasichana walikuwa wameanza kuingia, nikamsikia Nuru anacheka ukumbini. Abla hakugeuka.

"Umeisoma tena kabla ya kuituma?" akauliza ukuta.

"Nimeisoma."

"Inaanza na neno gani?"

"'Mimi', Abla."

Nikaituma.